Gia ya Tatu ya Kalala

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, saa sita kamili mchana, jua likiwa utosini na barabara ya Nzilo ikiwa tupu kuliko nilivyowahi kuiona, nilipoona kijiti cha gia kikitoka chenyewe kwenye gia ya tano na kuingia ya tatu. Gari lilikuwa la usukani wa kulia, kama yote yanayotufikia kupitia Zambia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye usukani. Wa kushoto ulikuwa bado umelala pajani. Tangu siku ile nimeendesha malori ya mgodi ambayo gurudumu lake moja linanizidi kimo, na bado nikikumbuka, vidole hivi vya kushoto vinapoa.

Mwanangu, umeniletea swali la gari. Umepata gari dogo, umelifungia injini yenye turbo, na marafiki zako wanabishana: uache giaboksi yake ya otomatiki, au utafute ya kubadilisha kwa mkono? Mjomba wako mdogo alicheka aliposikia unaniuliza mimi. Alisema mama mzee huulizwa habari za jikoni, za sombe na bukari. Mwache acheke. Aisifuye mvua imemnyea, na mimi mvua hiyo ilininyea hadi mifupani. Jibu langu ni fupi: tafuta ya mkono. Lakini jibu fupi lisilo na kisa chake utalisahau kabla hujafika kwenye kona ya kwanza, kwa hiyo kaa unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi katika gereji ya Tata Kapend hapa Kolwezi, mzee wa Kilunda kutoka pande za Musumba, mtu mrefu, mpole, asiyependa redio. Msichana gereji lilikuwa jambo la kuchekwa siku zile, lakini yeye hakucheka. Aliwaambia watu, "Mikono ya huyu mutoto inasikia chuma." Nami nikavimba kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji niliyoyatia mimi utayaona sasa hivi.

Tata Kapend alikuwa na desturi yake. Gari likiletwa kutoka ajalini, na mtu amefia ndani, hakuna aliyeruhusiwa kugusa kijiti cha gia. Kwanza yeye mwenyewe aliangalia kiko kwenye gia ya ngapi, akaiandika kwa chaki mlangoni. Kisha aliita mtu wa ukoo wa marehemu. Mtu huyo aliingia garini, akashika kijiti, akakirudisha katikati, mahali ambapo gari haliko kwenye gia yoyote, na kumwambia marehemu kwamba amefika. Baada ya hapo ndipo tulipofungua bolti ya kwanza. Vijana wa gereji walimcheka akigeuka, na mimi nilicheka pamoja nao.

"Mutu anakufwa, gari inabakia mu vitesi," alikuwa akituambia, yaani kwenye gia. "Kama hakuna mutu wa kumwambia amefika, ataendelea kuendesha."

Sasa, kaka yangu mkubwa Ilunga alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, akivipeleka Dilolo mpakani. Alinunua gari dogo lenye giaboksi ya otomatiki, kisha akalifungia injini ya turbo kama ulivyofanya wewe, maana ujinga katika ukoo huu unarithiwa kama pua. Ile otomatiki ilitengenezwa kwa injini ya kwenda sokoni na kanisani. Ukikanyaga mafuta, injini ilipiga kelele, gari likakaa kidogo likifikiri, halafu likaruka mbele kwa wakati lilioutaka lenyewe. Baada ya wiki chache oili yake iligeuka nyeusi na kunuka maharagwe yaliyoungua chini ya chungu.

Tata Kapend alichovya kidole kwenye oili, akanusa. "Hii bwate inakudanganya, Ilunga," akasema. Bwate ndiyo giaboksi kwa lugha yetu ya gereji. "Iko inateleza mule ndani na haikwambii. Siku itakwambia, utakuwa mu kona. Tafuta ya mukono. Ile ikiumwa, inalia mbele."

Ya mkono ilikuwepo uani kwetu. Ilikuwa ndani ya gari la Kalala.

Kalala alikuwa kijana wa miaka kama yangu, mtoto wa Mama Mbuyi, mjane anayeuza unga wa muhogo. Gari lake, la aina ileile ya Ilunga lakini lenye giaboksi ya gia tano, lilitoka barabarani kwenye mteremko wa Nzilo na kupiga mwamba. Alikufa pamoja na kijana wa jirani yao aliyekuwa amempa lifti. Mji ukaanza kusema. Walisema Kalala alikunywa. Walisema alilala kwenye usukani akaenda moja kwa moja, kwa kasi ya gia ya tano, mpaka kwenye mwamba. Mama wa yule kijana wa jirani, waliyekaa naye benchi moja kanisani miaka mingi, alihamia benchi la nyuma na kuacha kumsalimu Mama Mbuyi. Mama Mbuyi akawa na misiba miwili, wa mwanawe na wa jina la mwanawe.

Alitupatia gari lile tutoe vipuri, na akaomba kitu kimoja tu: aitwe kabla giaboksi haijaguswa. Dashibodi ilikuwa imebonyea hadi kufunika kijiti, na milango haikufunguka, kwa hiyo Tata Kapend hakuweza kuona gia. Kabla hajapata nafasi ya kukata bati, ikaja habari ya kilio kwao Musumba. Barabara za kule unazijua: ukienda, usiahidi siku ya kurudi.

Akaniambia, "Usiguse ile bwate mupaka mi nirudie. Umesikia?"

"Nimesikia, Tata."

Nilisikia kwa masikio tu. Siku tano zikapita. Ilunga akaja asubuhi na jioni kunisema: vitenge vinaliwa na panya, Dilolo wanamngoja, na mimi si ndiye mwenye mikono inayosikia chuma? Siku ya sita nikachukua msumeno, nikakata mlango. Niliingiza mkono chini ya dashibodi, nikapapasa, nikakipata kijiti. Kilikuwa kimekwama. Taa ilikuwa mfukoni mwangu, mwanangu. Ningeiwasha tu, ningeinama, ningeona. Sikuiwasha. Nilipiga kwa nyundo mara mbili, kitu kikalia tiki mule ndani, kijiti kikaachia. Ilikuwa saa sita mchana, na nakumbuka kuku wote wa uani walinyamaza pamoja. Nikajiambia ni joto.

Kwa siku tatu nilifunga giaboksi ile katika gari la Ilunga, nikatafuta klachi ngumu zaidi inayoweza kushika nguvu za turbo, nikaweka kanyagio la tatu. Na sitakudanganya, lilikuwa tamu. Ukiwa na gia mkononi, turbo haikushtukizi. Unaisikia ikianza mluzi wake, na wewe ndiye unayeamua: nguvu zije hapa, au zingoje kona ipite. Nilijiona fundi kumpita aliyenifundisha.

Asubuhi ya kwanza nilikuta kijiti kwenye gia ya tatu. Nilikuwa nimekiacha katikati jioni, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Nikakirudisha. Asubuhi ya pili kilikuwa tena kwenye ya tatu. Unajua baridi ya kiangazi hapa kwetu, mpaka maji ya ndoo yanauma vidole. Chuma chote cha gari lile kilikuwa baridi, ila kile kichwa cha kijiti kilikuwa na uvuguvugu, kama mahali palipotoka mkono wa mtu sasa hivi. Niliogopa. Sikumwambia mtu. Niliogopa kuchekwa kama nilivyomcheka mzee, na nadhani hofu hiyo ndiyo mbaya kuliko ile nyingine.

Ilunga naye alibadilika. Safari ya Dilolo haikutajwa tena. Alisema anazungusha gari mjini kidogo, kulizoesha, na alirudi mchana akiangalia mikono yake.

Wiki ya pili, saa nne asubuhi, Mama Mbuyi akaja gereji. Mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cheusi kichwani, unga wa muhogo bado kwenye kucha. Alisimama mbele ya mabaki ya gari la mwanawe, akaona tundu mahali kijiti kilipokuwa.

"Mumeisha kuitoa?" akaniuliza.

"Tumeisha, Mama."

"Hamukuniita." Hakupaza sauti. "Ilikuwa mu ya ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Tata Kapend alikuwa amemweleza: mtu aliyelala hufa kwenye gia aliyokuwa akienda nayo. Aliyeona hatari hurudisha gia chini ili injini ishike gari. Kijiti kingekuwa shahidi pekee aliyebaki, na mwanamke huyu alikuwa amengoja wiki kadhaa shahidi wake aongee. Ningeweza kusema uongo. Neno moja tu, "ya tatu," na angeenda nyumbani amepona. Ulimi ulikataa.

"Sikuangalia, Mama. Nilipiga na nyundo."

Alikaa chini palepale kwenye mafuta na vumbi. Hakunilaani, na ningeona afadhali anilaani. Ndipo macho yake yakafika kwenye gari la Ilunga, lililokuwa kivulini.

"Na hii gari," akasema polepole, "ndiyo inapita kwangu kila siku saa sita. Inafika ku mulango, inapunguza, inangoja kidogo. Mi natoka na sahani ya chakula, nakuta inaisha kwenda."

Ilunga alikuwa nyuma yangu. "Mama, mi sijue kwako ni wapi."

"Karibu na reli. Mulango ya bluu."

Kaka yangu alifunika uso. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto, kwamba kila mchana anajikuta kwenye mtaa wa reli bila kujua alivyofika. Gari linapungua mwendo mbele ya mlango wa bluu. Akitazama, kijiti kiko kwenye ya tatu, na hakumbuki kukigusa.

Mama Mbuyi aliinuka, akajipangusa. "Munipeleke pale alifia. Na ile gari."

Ilunga alikataa kushika usukani, nikaushika mimi. Mama akakaa kushoto kwangu, Ilunga nyuma. Tulitoka mjini, tukapita vilima vya udongo wa mgodi, tukaingia barabara ya Nzilo. Kwenye barabara ile kwa kawaida hulazimiki kutafuta lori. Malori ya shaba yanakutafuta wewe. Siku ile hapakuwa na hata moja. Nyasi pande zote zilikuwa zimechomwa, na moshi wa mbali ulisimama wima bila kuyumba. Gari letu halikuwa na kivuli. Nilisikia mtu akipumua upande wangu wa kushoto, taratibu, na sikutaka kujua kama ni Mama Mbuyi.

Mteremko ulipoanza nilikuwa kwenye gia ya tano. Kona ilikuwa bado mbali kidogo. Ndipo kijiti kikasogea.

Fundi yeyote atakuambia kwamba gia iliyochakaa huweza kuruka ikatoka. Haiingii nyingine yenyewe, bila klachi, bila meno kusaga. Hii ilitoka ya tano, ikapita katikati, ikaingia ya tatu kwa upole, kama anavyobadilisha mtu anayelijua gari lake. Injini ikapanda sauti, gari likashikwa, vifua vyetu vikaenda mbele. Nilikanyaga breki. Tulisimama hatua chache kabla ya kona, kando ya msalaba mdogo wa chuma, injini ikazima, na kukawa kimya hadi nikasikia saa ya mkononi mwa Ilunga.

Mama Mbuyi hakuwa amepiga kelele. Alikuwa anatazama kijiti.

"Ya ngapi hii?"

"Ya tatu, Mama."

"Ya tatu ni ya kufanya nini?"

"Ya kupunguza. Mutu anashuka, anaona hatari mbele, anarudisha mu ya tatu ili gari isimame."

"Mutu mwenye kulala anaweza kuifanya?"

"Hapana, Mama. Wala mwenye kulewa vile banasema."

"Basi hakulala."

"Hakulala, Mama."

Niliposema hivyo nililia, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na miwili na mikono yangu maarufu. Ilunga alishuka akatembea hadi ng'ambo ya kona. Akatuita. Pale katikati ya barabara palikuwa na doa kubwa la oili ya zamani, na mawe mawili ya aina ambayo madereva huweka kuzuia magurudumu ya lori lililoharibika. Matawi ya kuonya wanaokuja hayakuwekwa, wala dalili yao haikuwepo. Kalala alikuta lori katikati ya njia, na alifanya kila jambo ambalo mkono wa dereva unaweza kufanya.

Tukarudi garini, nikakanyaga klachi hadi chini. Mama Mbuyi akaweka mkono wake wa kulia juu ya kijiti. Hakuwa ameshika gia maishani mwake.

"Kalala, mutoto wangu," akasema. "Umefika. Nimeona. Achilia."

Kijiti kikarudi katikati bila kubisha. Upepo ukaja, na nyuma yetu lori la kwanza likapiga honi. Tukarudi mjini mimi nikiendesha, na kile kichwa cha kijiti kilikuwa chuma tu.

Tata Kapend alirudi kesho yake, nikamweleza yote nimepiga magoti. Hakuniinua. Aliitoa giaboksi mwenyewe, akaifungua mezani mbele yangu. Springi ya kushikilia gia ilikuwa imevunjika: hiyo ndiyo tiki niliyoisikia, kazi ya nyundo yangu. Na meno ya gia ya tatu yalikuwa yamemegeka upande mmoja, kwa pigo la mwamba.

"Ona," akasema. "Ilikuwa mu ya tatu wakati wa kugonga. Hata kama ulipotesha ushuhuda wa juu, wa ndani ulibakia. Ungeuliza chuma, kingekujibu."

"Na kule kuingia kwenyewe, Tata?"

Alipangusa mikono muda mrefu. "Kutoka, naweza kukueleza. Kuingia, hapana. Lakini usiende kuambia batu ni muzimu ulivunja springi. Springi ni weye. Ungeua batu batatu juu ya majivuno, na mama mumoja angeingia kaburini na haya ya mutoto wake. Unajua kusikia chuma. Sasa jifunze kusikia mutu."

Neno hilo liliniingia kuliko viboko. Jioni aliifunga ile gia iliyomegeka kwenye kitambaa safi, akaenda nayo kwa jirani ya Mama Mbuyi, mama wa yule kijana wa lifti, akaiweka juu ya meza na kumweleza jino kwa jino. Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani. Mama yule alitoka benchi la nyuma, akaja mbele, akakaa mahali pake pa zamani, kando ya Mama Mbuyi. Walishikana mikono misa nzima.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Weka giaboksi ya mkono. Vijana wananiambia otomatiki za siku hizi zina akili na zinavumilia turbo, na mimi sikatai yaliyo mbali na macho yangu. Lakini lako ni gari dogo lililoongezwa nguvu ambazo halikuzaliwa nazo, na otomatiki yake itateleza kimyakimya mpaka ikuache katika kona. Ya mkono italalamika mapema, kwenye kiganja na kwenye nyayo. Kwenye mteremko wa Nzilo injini itakushikia gari breki zikichoka, na ikiharibika huko mbali Kapanga utapata mtu wa kuifungua. Tafuta klachi inayolingana na injini, usiweke ya zamani kwa uvivu. Na usiegemeze mkono kwenye kijiti kama kwenye bega la mchumba; unachakaza vyuma vya ndani bila kujua.

Giaboksi hiyo utaipata kwenye gari la mtu, maana ndivyo tunavyopata vitu hapa kwetu. Uliza ni la nani. Kuuliza si ujinga. Kama alifia humo, washa taa, angalia gia kabla hujagusa, uandike, umwite mama yake. Huenda anangoja neno ambalo wewe unalipiga kwa nyundo. Na ukiwa umekosa, sema "sikuangalia," hata kama uongo ungekuwa mtamu zaidi.

Mungu wa baba zetu akupe barabara ndefu na matawi ya kukuonya kabla ya kila hatari. Akupe mkono mwepesi na sikio zito kwa masifu. Na siku yako ikifika, iwe mbali sana, gia yako iseme ukweli juu yako, na awepo mtu anayekupenda wa kukuambia umefika.